Namuuzia mwenzangu wa klabu Datsun 240Z: je, injini ya asili niiuze kando?

SWALI: Mhariri, salamu. Ninamiliki gari la milango miwili, Datsun 240Z la mwaka 1972, ambalo nililikuta likioza nyuma ya gereji nikalifufua kidogo kidogo hadi likawa linatembea vizuri. Injini yake ya asili, L24, ilikuwa imepasuka silinda hedi (kichwa cha juu cha injini), kwa hiyo nilifunga L28 iliyotoka kwenye Nissan Patrol ya zamani, na ile ya kwanza ipo stoo. Sasa mwanachama mwenzangu katika klabu ya magari ya zamani anataka kulinunua, ila anaomba alichukue mara moja na kulipa kwa awamu tatu. Mtu mwingine anaitaka ile injini ya stoo peke yake, na bei aliyotaja ni nzuri. Zaidi ya hayo, aliyeniuzia alidai kuwa gari hili liliwahi kukimbia mashindano ya magari ya Safari Rally. Nifanyeje ili niuze kwa haki, bila kupoteza fedha wala rafiki?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na injini iliyo stoo, kwa sababu uamuzi wako juu yake utagusa mambo mengine yote. Tafadhali usiiuze peke yake. Fungua boneti usome kibati kilichopigiliwa humo ndani, kisha ulinganishe namba ya injini iliyoandikwa hapo na ile iliyochongwa ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa injini ya L24, chini kidogo ya silinda hedi. Zikilingana, una kitu ambacho hakiwezi kununuliwa popote duniani, kwa kuwa bloku nyingine yoyote ya L24 itakuwa na namba ya gari jingine. Hedi iliyopasuka hubadilishwa. Bloku yenye namba yake ikishauzwa kwa mgeni, hairudi. Hata kama mwenzako atapenda kuendelea na L28, ambayo ina sentimita za ujazo 2,753 dhidi ya 2,393 za L24 na hivyo inavuta vizuri zaidi mlimani, atakayelinunua baada yake huenda akataka kulirudisha lilivyotoka kiwandani. L24 ya stoo ni sehemu ya gari, nayo ihesabiwe katika bei.

Hakikisha pia kwamba logibuku inasema ukweli. Logibuku hubeba namba ya chesisi, namba ya injini na rangi, na kama ulifunga L28 au ukapaka rangi mpya bila kuijulisha NTSA, mamlaka inayosajili magari Kenya, rekebisha taarifa hizo kabla ya kuanza kuhamisha umiliki. Mnunuzi anayekuamini hapaswi kurithi usumbufu wa namba zisizolingana akisimamishwa barabarani.

Kuhusu Safari Rally, naelewa kwa nini hadithi hiyo inavutia. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari, jina la Safari Rally wakati ule, kwa 240Z, huku Shekhar Mehta akishika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyohiyo, na mwaka 1973 Mehta akashinda pamoja na Lofty Drews baada ya kulingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine. Sifa hiyo imefanya karibu kila 240Z iliyobaki Kenya isimuliwe kuwa ilikuwepo mashindanoni. Kama huna karatasi za mashindano, au picha ya wakati ule inayoonyesha namba ya usajili ya gari lako, usilitaje dai hilo katika makubaliano wala usiliongezee bei hata shilingi moja. Mwambie tu mwenzako kuwa ndivyo ulivyoambiwa.

Jambo linalonigusa zaidi ni kutu, maana hapo ndipo urafiki wa wapenda magari huvunjika. Magari haya huoza chini ya betri, kwenye sakafu, kwenye reli zinazopita chini yake, na nyuma ya milango karibu na matao ya magurudumu. Mwalike mwenzako mchana, gari likiwa limenyanyuliwa, umpe sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini aipitishe mwenyewe juu ya bodi. Pale itakapolegea, yaani pasipo na chuma chini ya rangi, mweleze fundi alikata nini na alijaza nini. Picha ulizopiga wakati wa kazi zitakusaidia kuliko maneno, hata zile zinazoonyesha mashimo.

Bei msiitaje kabla gari halijathaminiwa na mtu asiyewafahamu. AA Kenya, chama cha wenye magari, hufanya kazi hiyo. Jumla ya risiti zako za spea na mafundi inaonyesha bidii yako, lakini haiwezi kuwa bei ya gari.

Awamu tatu zinakubalika, ila gari na logibuku vibaki kwako hadi malipo ya mwisho yaingie benki, na makubaliano yaandikwe mbele ya wakili. Akikasirika kwa hilo, mkumbushe kwamba kwa sheria ya Kenya mtu ambaye jina lake limesajiliwa ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, hivyo ajali yoyote itaanza kwa kukutafuta wewe. Uuzaji ukikamilika, gari halipaswi kuwa barabarani zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kusajiliwa, na bima awe amekata yake kabla hajagusa usukani.

Siku ya kumkabidhi, mpe pamoja na L24 kila kipande cha asili ulichokitoa. Kama bado unatumia zile kabureta mbili za Hitachi, mwonyeshe jinsi ya kuangalia oili katika vifuniko vyake vya juu, kwa kuwa zikikauka injini husita unapokanyaga mafuta ghafla, na fundi asiyezijua ataanza kubadilisha plagi zisizo na kosa.