Kubadilisha kanuni za usalama wa moto Uganda: barua iende wapi, na ndani yake uandike nini

Mwanzisha uzi anauliza hivi: hosteli nyingi za wanafunzi Kampala zina grili za chuma kila dirisha na ngazi moja tu ya kushukia, raia wa kawaida afanye nini ili kanuni ibadilishwe? Wengi humu wamemjibu aende kwa polisi wa zimamoto. Ndugu zangu, hapo mnampotezea muda. Kurugenzi ya Zimamoto na Uokoaji iko chini ya Jeshi la Polisi. Kazi yake ni kukagua, kushauri na kuzima moto, na kanuni za majengo hazitungwi huko. Wapeni nakala, maana maoni yao yatahitajika, lakini barua yenyewe iende kwingine.

Kwa hosteli, sheria mama ni ile ya Udhibiti wa Majengo ya 2013. Chini yake kuna kanuni na misimbo ya ujenzi ya kitaifa ya 2019 na 2020. Sheria hubadilishwa na Bunge, ila kanuni zinapita kwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, naye hushauriwa na Bodi ya Taifa ya Mapitio ya Majengo, ile NBRB. Kwa hiyo mwandikie Katibu Mtendaji wa NBRB, nakala kwa Katibu Mkuu wa wizara. Kama hoja yako ni kiwanda au ghala la wafanyakazi, shika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006, iliyo chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii.

Kama tatizo ni kifaa chenyewe, mfano mitungi ya kuzimia moto au nyaya za umeme, hiyo ni kazi ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Kabla hujaandika, tazama namba ya kiwango. Kikianza na US peke yake, ni cha kwetu na kamati ya kiufundi ya hapa inaweza kukifungua. Kikiwa US EAS, ni cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, nchi nyingine lazima zikubali. Kikiwa US ISO, kimechukuliwa kutoka nje, na nafasi yako ya kubadilisha maneno yake ni finyu sana. Rasimu za viwango hutolewa kwa umma zitolewe maoni. Wasubirini hapo, maana maoni ya wakati wa rasimu yana uzito kuliko malalamiko baada ya kuchapishwa.

Sasa barua. Wengi huandika kurasa nne za uchungu kuhusu mioto ya shule: Budo 2008, shule ya wasioona ya Salama kule Mukono 2022. Afisa anayapokea haya kila mara, na hana la kufanya nayo. Yataje kwa sentensi moja, kisha mpe kifungu kilichokwisha kuandikwa. Mfano: “Kila dirisha la chumba cha kulala lenye grili liwe na sehemu inayofunguka kutoka ndani bila ufunguo wala kifaa, yenye uwazi usiopungua mita za mraba 0.33, upana na urefu wake kila mmoja usipungue milimita 450, na ukingo wake wa chini usizidi milimita 1100 kutoka sakafuni.” Vipimo hivyo vinatumika Uingereza kwa madirisha ya kutorokea, kwa hiyo havitaonekana umevibuni. Angalia mtego wake: 450 kwa 450 ni mita za mraba 0.2 tu, haitoshi. Ukibaki na upana wa 450, urefu ufike kama 740. Fundi akisoma 450 peke yake atakata tundu dogo na mkaguzi atalipitisha.

Halafu jibu maswali ambayo usipoyajibu barua inafia mezani. Nani atakagua? Majengo yaliyopo yapewe muda gani? Bila kifungu cha mpito, mwenye jengo la zamani atasema kanuni inahusu ramani mpya tu, na mara nyingi atashinda. Gharama je? Chukua bei ya mafundi wa kuchomelea watatu kwa grili moja yenye bawaba na komeo la ndani, zidisha kwa idadi ya vyumba. Karatasi hiyo moja humsaidia afisa kuliko sahihi mia tano. Vifungu unavyovitaja vichukue kutoka toleo jipya la sheria za Uganda, lililoanza kutumika Julai 2024. Namba nyingi zimehama.

Nenda masjala na nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kimya kikizidi, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 kuomba kumbukumbu za walichoamua. Wana siku 21 kukujibu.

Kwa soko au stendi, sheria ndogo ya baraza la wilaya au ya KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ni njia fupi zaidi. Mpate diwani kwanza. Adhabu zake zina kikomo, usitegemee zimtishe tajiri.

Ombi kwa Bunge mimi naliweka mwisho. Liwe kwa Kiingereza au liambatane na tafsiri, lugha ya heshima, na mwishoni lieleze wazi unaomba Bunge lifanye nini. Mbunge akikuahidi muswada binafsi, muulize mapema kuhusu cheti cha athari za kifedha kutoka Wizara ya Fedha. Ibara ya 93 ya Katiba haimruhusu mbunge binafsi kuleta muswada unaobebesha hazina ya serikali gharama. Ukiomba magari ya zimamoto kila wilaya, unagonga ukuta huo siku ya kwanza. Ukiomba komeo linalofunguka kwa ndani, gharama ni ya mwenye hosteli.