Fundi Tuambie: Zipu ya hema inapita ila nyuma inaachia

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni Kilimanjaro njia ya Machame, huu mwaka wa tatu. Nina hema langu nililonunua mtumba pale soko la Memorial, mlango wake unanitesa sana, navuta zipu inapita vizuri tu ila nyuma yake meno yanaachia, nabaki na mlango wazi na upepo wote ndani. Jamaa mmoja kambini akaniambia paka mafuta ya kula, nikapaka, siku mbili ikateleza ya tatu ikagoma kabisa. Sasa fundi cherehani mjini anataka kubadilisha zipu nzima na bei yake ni karibu nusu ya hema. Nifanyeje? (Mgumu, Moshi)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo fundi usimpe hela kwanza. Zipu ikipita halafu ikaachia nyuma, mara nyingi meno hayana kosa, mkosaji ni kichwa, yaani kile kidude unachokivuta. Kazi ya kichwa ni kuyabana meno ya pande mbili yashikane, sasa kikishalika kwa ndani kinakuwa kipana, kinapita juu ya meno kama mtu anayepita sokoni bila kununua kitu. Na kinachokila hivyo ni vumbi. Vumbi la mlimani unalijua mwenyewe, lile jeusi la volkano kuanzia kambi ya Shira mpaka kambi ya Barafu, likiingia kwenye zipu ni msasa kabisa, kila ukivuta unasugua kichwa. Halafu wewe ukaongezea mafuta! Mafuta yanalikamata vumbi yanalifanya uji, ndo maana siku ya tatu ikagoma. Vaselini hivyo hivyo, na oili ya pikipiki ndo usiguse kabisa.

Anza kuosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, mswaki wa zamani, sugua meno pande zote mbili mbele na nyuma, na ndani ya kichwa pia maana humo ndo uchafu unajificha, suuza mpaka maji yatoke meupe halafu anika kivulini zipu ikiwa wazi. Ikikauka chukua plaizi ndogo. Kichwa kina upande mpana ambao meno yanaingia yakiwa mbalimbali na upande mwembamba ambao yanatokea yakiwa yameshikana, wewe bana huo mwembamba, ukingo wa kushoto kidogo, wa kulia kidogo, kisha jaribu kuvuta. Kidogo kidogo ndugu yangu, vichwa vingi ni vya kumimina na ukikaza kwa hasira kinapasuka (mimi nishavipasua vingi tu nikiwa najifunza). Ukizidisha mpaka kikawa kigumu kusogea, ingiza bisibisi bapa nyembamba kwenye ule upenyo ukitanue tena.

Ikishafunga sawasawa sugua mshumaa mweupe wa kawaida juu ya meno, vuta kichwa juu chini mara kumi hivi, futa nta iliyobaki na kitambaa. Penseli nayo inafaa, ila kwa zipu za chuma, kwenye hema la rangi ya mwanga utachafua kitambaa bure.

Kama bado inaachia basi kichwa kimekufa, badilisha kichwa peke yake, meno yaache. Geuza kile cha zamani utazame mgongoni, kina namba, 5 au 8 au 10, huo ni upana wa meno kwa milimita kwa kukadiria tu. Namba peke yake haitoshi lakini. Milango ya mahema mingi ina zipu ya nailoni iliyojisokota kama springi, na kichwa cha jaketi lenye meno makubwa ya plastiki hakiiwezi hata namba zikilingana. Pale pale Memorial tafuta begi lililochakaa lenye zipu ya aina hiyo, ng'oa kichwa, fumua nyuzi chache mwisho wa zipu ya hema, toa cha zamani, ingiza kipya, shona tena. Hela ya chai tu hiyo.

Ukiwa juu, funga mlango kabla ya kupiga pegi. Watu wanakaza hema mlango ukiwa wazi halafu wanalazimisha zipu ivute kitambaa kilichokwisha tanuka, wakifika kwenye kona tu meno yanafumuka. Na alfajiri Barafu (mita 4,673, jina lenyewe linakwambia) pumzi zenu za usiku zinaganda kwenye meno, ukikuta zipu haisogei usivute kwa nguvu, ishike na kiganja mpaka iyeyuke.

SWALI: Habari fundi. Jaketi langu la kuvulia samaki zipu ya chuma imeshikana kwa chumvi, imeota uungauunga mweupe na kichwa hakiendi mbele wala nyuma. (Msomaji, Kilifi)

JIBU: Loweka hapo kwenye zipu na maji moto kiasi cha mkono kuvumilia, nusu saa, chumvi iyeyuke kwanza. Uunga ukibaki paka siki au ndimu kwa mswaki, subiri dakika chache, sugua, kisha suuza sana maana hiyo asidi ukiiacha inaendelea kula chuma. Kichwa kisogeze kwanza nyuma kilikotoka, si mbele. Kikiachia, mshumaa. Na kila ukirudi baharini mwagia maji baridi ya bomba kabla hujalitundika.