Wazee kwenye jengo la maduka: usianzie kwenye lifti

Mkuu, umeuliza kama lifti mbili zinatosha kulifanya jengo lako la ghorofa tatu liwafae wazee. Hazitoshi. Wengi huchoka kabla hawajaiona hiyo lifti: bajaji imezuiwa getini, kisha kuna uwanja mzima wa magari wa kuvuka juani. Ruhusu bajaji na teksi zishushe abiria mlangoni kabisa, chini ya paa, na uweke benchi hapohapo la kusubiria usafiri wa kurudi.

Rampu (mteremko wa kupitia badala ya ngazi) iwe 1:12, yaani kila sm 1 ya kupanda inadai sm 12 za urefu. Ngazi tatu za sm 15 zinahitaji mita 5.4. Fundi akibanwa na nafasi humwaga zege la mita mbili tu, ili mkaguzi akija aone ipo. Kiti cha magurudumu hupinduka kinyumenyume hapo, na mwenye mkongojo hushuka akiburutwa na uzito wake mwenyewe. Reli za kushikia ziwe pande zote mbili, kimo sm 90, bomba nene kiasi cha sm 4, na zianze sm 30 kabla ya mteremko, maana ndipo mtu anapotafuta pa kushika.

Vigae vinavyong'aa kama kioo ni vya kupigia picha. Mwenye mtoto wa jicho huona mng'ao akadhani ni maji, na mvua ikinyesha yanakuwa maji kweli. Mita chache za kwanza kutoka mlangoni tumia vigae vya kukwaruza. Zulia la kufutia miguu lizamishwe sawa na sakafu, likilegea, linakwaza.

Benchi ndilo linalopuuzwa zaidi. Mameneja huyaondoa wakihofia vijana wa kupiga soga bila kununua. Mzee asipopata pa kukaa kila baada ya mita 30 hadi 50, hafiki duka la mwisho, na aliyekodi fremu ile ndiye anayelia. Kikalio kiwe sm 45 hadi 48 kutoka sakafuni, chenye egemeo na, muhimu kuliko vyote, mikono ya kujiinulia. Bila mikono, mwenye magoti mabovu ataomba kuvutwa.

Chooni, mlango ufunguke kwa nje. Mtu akianguka ndani, mwili wake huuziba mlango unaofungukia ndani. Vishikio vifungwe kwa bolti kwenye tofali au zege, si kwenye jipsamu, na reli ya taulo haihesabiki. Halafu choo hicho kisigeuzwe stoo ya ndoo na mopa, ufunguo ukiwa kwa mfanya usafi ambaye leo yuko mapumzikoni.

Tukirudi kwenye lifti zako: mwambie fundi aongeze muda wa mlango kukaa wazi, ni suala la kurekebisha tu. Na kabla hujapokea jengo, zima umeme wa gridi uone jenereta inabeba nini. Mara nyingi inabeba taa na mafriji, lifti inabaki imesimama.