Maswali ya Wasomaji: Kifungu cha Ufaransa Kimehamia Wapi?

SWALI: Naandaa kazi ya kulinganisha sheria za fidia kwa madhara yasiyotokana na mkataba. Kitabu nilichopata maktaba kinasema msingi wake Ufaransa ni kifungu cha 1382 cha Code civil, yaani sheria kuu ya madai ya nchi hiyo. Nilipokifungua mtandaoni nikakuta kinahusu dhana, yaani makisio ya kisheria, anazoachiwa jaji kuzipima. Je, kitabu kimekosea?

JIBU: Hakikukosea, kimepitwa na wakati. Tazama mwaka wa toleo. Bila shaka kilichapishwa kabla ya Oktoba 2016. Amri namba 2016-131 ya tarehe 10 Februari 2016, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka huo, iliipanga upya sehemu ya mikataba na madhara, na namba zikahama. Kilichokuwa 1382 tangu 1804 sasa ni 1240, na 1383 ni 1241. Maneno yenyewe hayakuguswa: anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake sharti afidie.

Usikitupe kitabu, maana ufafanuzi wake wa kanuni hiyo bado una thamani. Ila unapotafuta hukumu, tafuta kwa namba zote mbili. Hukumu ya 2015 itataja 1382 tu, na hata za baadaye hutaja namba ya zamani kama tukio lilitangulia mabadiliko. Mara nyingi utakuta imeandikwa «1382, devenu 1240», yaani 1382 ambacho sasa ni 1240.

Maandishi ya sheria yasome Légifrance, tovuti rasmi na ya bure. Hapa ndipo wengi hujikwaa: ukurasa hukuonyesha sheria ilivyo leo. Badilisha tarehe, uweke ile ya tukio unalolichunguza. Hukumu za Cour de cassation, mahakama ya juu ya kesi za madai na jinai, zimo Judilibre, hifadhidata yake ya mtandaoni. Ukiwa na namba ya rufaa, itumie hiyo badala ya majina ya wadaawa, kwani majina ya watu binafsi hufichwa.

Kabla ya yote, uliza nani alisababisha madhara. Ikiwa ni serikali au huduma ya umma, kwa kawaida kifungu cha 1240 hakihusiki. Tangu uamuzi wa kesi ya Blanco wa tarehe 8 Februari 1873, dhima ya dola ina kanuni zake, na rufaa zake za mwisho huishia Conseil d'État, mahakama ya juu ya mashauri ya utawala, si Cour de cassation. Mtafiti asiyelijua hili anaweza kukesha katika hifadhi isiyo yake. Ramani ya mfumo mzima utaipata katika miongozo ya GlobaLex ya Chuo Kikuu cha New York, nayo ni bure; angalia tu tarehe ya mwongozo kuhuishwa.

SWALI: Naweza kunukuu tafsiri ya Kiingereza?

JIBU: Kwa kuelewa, ndiyo. Kwa kunukuu, weka Kifaransa kwanza, kisha tafsiri, na useme ni ya nani na ya mwaka gani. Tafsiri hazina nguvu ya kisheria, na nyingi zinazozunguka mtandaoni bado zina namba za kabla ya 2016.