Kava jipya la Game Boy Color, na lugha ya kuiandikia gemu

Umeuliza mawili: namna ya kubadili kava (ganda la nje) lililopasuka la Game Boy Color, kifaa cha gemu cha mkononi cha Nintendo, na kama uanze na lugha ya programu ya Python au C ili uiandikie gemu yako mwenyewe.

Kwanza toa betri. Skrubu za nje zina kichwa cha mapezi matatu, kwa hiyo tafuta bisibisi yake. Ukilazimisha nyingine utaziharibu vichwa na hazitatoka tena. Za ndani ni za msalaba. Pa kuogopa ni utepe wa kioo, ule waya bapa unaounganisha kioo na ubao. Umeshikwa na kifungio chembamba cha plastiki: kisukume kwa kucha kidogo kidogo, upande huu kisha ule, ndipo utepe uteleze wenyewe. Usiuvute ukiwa umebanwa, ukichanika kioo kimekwenda. Raba za vitufe zifute vumbi kabla ya kuzirudisha. Na kama utaweka kioo cha kisasa cha IPS, nunua kava lililokatwa kwa ajili yake, maana dirisha la kava la kawaida mara nyingi halilingani.

Kuhusu lugha, Python weka kando. Kifaa kina RAM ya kazi (kumbukumbu ya muda) ya KB 32 tu na kichakataji cha biti 8. Python haipati hata pa kukaa. Anza na C kupitia GBDK, zana za kutengenezea gemu za Game Boy, jaribu kwenye emuleta (programu ya kompyuta inayoiga kifaa), na sehemu ikienda polepole, hiyo tu iandike kwa asembli, lugha iliyo karibu kabisa na kichakataji. Python itakufaa kwenye kompyuta, kugeuza picha zako ziwe data.