Fundi wa Bombo Anajibu: Mrija wa Tangi Umeoza kwa Kutu

Salaam aleikum, mzee fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Arua. Gari langu ni dogo la Kijapani, la petroli, la mwaka 1999. Mwezi uliopita nilijaza tangi pomoni kwa safari ya Kampala. Hatujafika Pakwach, mtoto akaanza kulia kichwa kinamuuma kwa harufu ya petroli. Nilipochungulia nikaona matone nyuma ya gurudumu la nyuma la kulia. Nikiweka nusu tangi, halivuji. Makanika mmoja anasema mrija wa kujazia mafuta umeoza, anataka shilingi 60,000 auchomelee palepale bila kuufungua. Mwingine anataka 350,000 aniletee mrija mwingine na kuufunga. Mume wangu anasema tupake silikoni, yaishe. Nifanye lipi? Na je, kazi hii naweza kuifanya mwenyewe?
Mwalimu, Arua

Waleikum salaam, mwanangu. Nianze na huyo wa 60,000, maana barua hii ikikukuta umeshampa gari, nataka usome mstari huu kabla ya mwingine wowote: mwambie hapana. Moto wa kuchomelea hausogei karibu na mrija uliofungwa kwenye tangi, hata akikuapia kwamba mafuta yamekwisha. Mafuta yakiisha mvuke haujaisha. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua la Arua. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu ukapotea. Hutambaa chini kama maji, ukatulia kwenye shimo la gereji. Ukichanganyika na hewa kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6 hivi, cheche moja inatosha. Mwaka 1991, nikiwa bado najifunza kazi, mwenzangu alipeleka mwali wa gesi kwenye mrija wa gari lililosemekana halina kitu. Vidole vyake havijakunjuka mpaka leo. Nilikuwa nimemshikia spana, nimesimama hatua tatu tu kutoka kwake.

Sasa tuje kwenye gari lako. Umenipa habari moja nzuri sana: nusu tangi halivuji. Hiyo inaonyesha kwamba sehemu ya chini ya tangi ni nzima, na huenda tundu liko juu, kwenye mrija. Lithibitishe. Siku ukienda sheli, mwombe mtu achuchumae nyuma ya gurudumu wakati mhudumu anajaza. Hata ukiweka lita chache, petroli ikipita mahali palipotoboka itadondoka kidogo.

Kwa nini umeoza? Huku kwetu hakuna theluji, lakini magari mengi tunayonunua yametumika Japani, na kaskazini mwa nchi ile barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Gari linaweza kushuka melini likiwa na kutu iliyokwisha kuanza. Halafu sisi tunaliongezea udongo wetu mwekundu. Nyuma ya ile plastiki inayoziba upenyo wa gurudumu kuna kona ambayo tope huingia na halitoki. Linashika unyevu wiki nzima baada ya mvua, limelalia mrija. Ndiyo maana mrija hutobokea chini ya kibanio kinachoushikilia kwenye bodi, au upande wa chini wa kona yake, mahali ambapo jicho halifiki. Tena tundu hilo halitoi petroli tu, linaingiza na maji. Siku ukipita kwenye dimbwi kisha injini ikaanza kushtuka-shtuka, kumbuka hapo.

Kazi hii unaiweza. Inataka siku mbili, kwa sababu siku ya kwanza sehemu kubwa ni kusubiri.

Tembeza gari mpaka mafuta yabaki chini ya robo. Chagua mahali pa wazi, chini ya mwembe ni pazuri kuliko ndani ya banda, na hakikisha hakuna sigiri ya jirani upande unakotoka upepo. Fungua nyaya za betri, anza na ile ya hasi. Fungua kifuniko cha tangi upepo utoke, kisha kirudishe. Legeza nati za tairi, piga jeki, halafu weka gogo la mti mgumu chini ya chasi. Usiweke matofali, hupasuka bila kukuonya. Toa tairi, toa ile plastiki. Vishikizo vyake vikikatika usihuzunike, dukani vipo. Bolti zenye kutu zipake mafuta ya kulainisha jioni ya kuamkia siku hiyo, la sivyo utavunja vichwa.

Utaona mrija mkubwa, na pembeni yake mwingine mwembamba. Ule mwembamba ni wa tangi kupumulia. Yote miwili imeingia kwenye vipande vya mpira vilivyobanwa kwa klipu. Legeza klipu, zungusha mpira taratibu, uvute. Kisha fungua skrubu za kule juu kwenye mdomo, na mrija utatoka mzima. Matundu yanayobaki kwenye tangi yafunike kwa nailoni safi na kuifunga kwa raba kwa nje. Usisokomeze kitambaa ndani, kikizama utashusha tangi zima.

Osha mrija kwa sabuni na maji ndani na nje, uanike juani mchana kutwa. Kesho yake kwangua kutu kwa brashi ya waya, kwa mkono. Sasa chukua bisibisi uudunge kila mahali, na usiuhurumie. Chuma kizima kinakataa, kilichooza kinabonyea kama ndizi iliyoiva. Weka alama ya chaki kila kinapobonyea. Nimeona mafundi wengi wanabandika dawa juu ya kutu kwa sababu tundu waliloliona lilikuwa moja, na baada ya mwezi mwenye gari anarudi na matundu matatu. Bisibisi ndiyo inayoamua uende njia gani, si macho.

Kama umepata kitundu kimoja au viwili vya ukubwa wa sindano na chuma cha pembeni kigumu, piga msasa mpaka king'ae, upana wa vidole viwili kuzunguka tundu, kisha paka gundi ya chuma, ile ya vijirija viwili inayochanganywa. Soma kwenye kasha kwamba inavumilia petroli. Iache saa 24 kamili.

Kama kuoza kumekusanyika sehemu moja iliyonyooka, na kwa maelezo yako nadhani ndivyo ilivyo, kata. Tumia msumeno wa chuma, kata pande zote mbili mpaka ufike kwenye chuma kizima, lainisha kingo kwa tupa, suuza vumbi la chuma litoke. Kile kipande ulichokikata nenda nacho dukani, uombe mpira wa petroli wa unene huohuo, wenye nyuzi ndani. Muuzaji akikupa mpira wa rejeta, mrudishie. Mpira wa rejeta umetengenezwa kwa ajili ya kupitisha maji ya moto. Petroli huuvimbisha na kuulainisha ukawa kama kamasi. Mpira uingie juu ya chuma angalau sentimita 4 kila upande, na kila upande ukaze klipu mbili. Usiuache ukalegea katikati, kwa maana ukining'inia utatega petroli. Na jambo ambalo wengi hulisahau: mrija ukishakatwa, kipande cha chini kimetengana na bodi. Funga waya wa shaba kutoka kipande hicho hadi kwenye bolti ya bodi iliyosuguliwa vizuri, ili umeme unaozaliwa na petroli inayotiririka upate pa kwenda. Mwaka jana tulifanya hivi kwenye gari la jirani yangu hapa Bombo, na pesa yote, pamoja na rangi, haikufika 80,000.

Lakini kama kuoza kuko mdomoni, pale kifuniko kinapojifungia, au kwenye kona, usipoteze gundi. Tafuta mrija uliotumika. Ukienda Kampala pita Kisekka, kwenye soko la vipuri vya magari, na mrija wako wa zamani mkononi, maana hata gari la jina moja huwa na mirija tofauti. Utakaoonyeshwa uchukue, ziba mwisho mmoja kwa kiganja, uelekeze juani na uchungulie ndani. Ukiona nyota, urudishe. Na ukague mrija mwembamba pia, maana wauzaji huukata.

Kabla ya kufunga, paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, hasa chini ya kibanio. Rudisha plastiki ya gurudumu, usiseme gari linatembea bila hiyo. Kisha weka lita 5, tandika gazeti chini, subiri nusu saa. Gazeti likiwa kavu, nenda ukajaze, ukague tena. Na mvua za huko kwenu zikikatika, mwezi wa 12, toa plastiki hiyo uoshe tope.

Baba watoto mpe salamu zangu, na umwambie silikoni haifai. Petroli huivimbisha, inabanduka vipande vipande, na vipande hivyo vinaingia kwenye tangi kuziba chujio na pampu. Hapo ndipo gharama inapozidi ile 350,000.

---

Mzee, pampu ya sheli hujikata kila nikiweka lita mbili. Mhudumu ananigombeza kana kwamba kosa ni langu. Gari halivuji.
Msomaji, Busia

Kaka, yaelekea mrija wako mwembamba wa kupumulia umeziba. Tangi likipokea petroli lazima litoe hewa; hewa ikikosa njia, petroli inarudi juu mdomoni, inafunika kitundu kidogo kilicho kwenye ncha ya bomba la pampu, na pampu inajikata kama ilivyoundwa. Toa mrija huo ncha zote mbili uupulize kwa pampu ya baiskeli. Mara nyingi ni tope. Mwaka huu nimekuta mmoja uliojengwa na nyigu, udongo umejaa urefu wa kidole. Usipulize kwa mdomo, mvuke wa petroli si wa kuvuta. Ukikuta mrija umekunjika, ubadilishe.

---

Je, ni kweli sabuni huziba tangi linalovuja? Naendesha lori dogo la petroli, Gulu hadi Nimule.
Dereva, Gulu

Ni kweli. Sabuni ya mche, ile ngumu ya kufulia, uikande mpaka ilainike, uisukume kwenye ufa. Petroli haiiyeyushi. Maji ndiyo huiyeyusha, kwa hiyo mvua ikinyesha au ukivuka maji, shuka ukague. Ni ya kukufikisha gereji siku hiyohiyo. Na ukifika mwambie fundi kwamba kuna sabuni, aikwangue yote kabla ya kupaka gundi, kwa sababu gundi ya chuma haishiki juu ya sabuni.