Uliza Fundi: Glavu inayomeza mchanga

Swali: Fundi, habari za kazi? Mwaka huu nimenunua Harrier nyeusi, imefika kutoka Japani ikiwa safi kabisa. Naishi Kira, na kila Jumamosi naipeleka kwa vijana wanaoosha magari karibu na nyumbani. Jumapili iliyopita niliiegesha nje ya kanisa, jua la saa nne likaipiga boneti, nikaona imejaa mistari ya mviringo kama utando wa buibui. Kijana akaniambia ni rangi ya Kijapani, eti haivumilii jua la Uganda. Sasa nataka kuiosha mwenyewe. Dukani nimeona glavu za aina mbili: moja ya manyoya ya kondoo, nyingine ina vidole vingi vinono vya kitambaa. Ninunue ipi? *Mama wa watoto watatu, Kira*

Jibu: Nyabo, nunua ile ya vidole. Sababu nitakupa, lakini kwanza tuliondoe hilo la jua, maana nimelisikia mara nyingi na linawapotosha watu. Jua halichori miduara, linaionyesha tu. Iliyochora ni sponji iliyojaa mchanga, na aliyekuwa akiizungusha. Hata gari jeupe la jirani yako huenda lina mistari hiyo hiyo, ila weupe unaificha.

Rangi ya gari lako imefunikwa na tabaka linalong'aa, ambalo wapaka rangi wetu wanaliita klia. Unene wake ni kama mikroni 50. Unywele mmoja wa kichwani mwako ni kama mikroni 70. Kwa hiyo kinachoikinga rangi yote ni chembamba kuliko unywele, na juu yake kila siku linatua vumbi letu jekundu. Wekundu huo ni wa chuma kilichomo udongoni, lakini kinachoumiza ni kile kilichochanganyika nalo: chembe za mchanga ngumu kiasi cha kukwaruza hata kioo. Sponji ina uso bapa. Chembe ikinaswa hapo haina pa kukimbilia, inabaki kati ya sponji na klia, na kila ukisukuma mkono unapiga msasa.

Basi ukiwa dukani usijiulize kitambaa ni laini kiasi gani. Karibu vyote ni laini. Jiulize mchanga utaingia wapi. Ile glavu ya vidole inaitwa chenille, neno la Kifaransa lenye maana ya kiwavi, na ukiitazama utaona kwa nini. Vile viwavi vimefumwa kwa maikrofaiba, uzi mwembamba sana: mita 9,000 za uzi huo hazifikishi uzito wa gramu 1. Ukipitisha glavu juu ya boneti, chembe inazama kati ya viwavi na kukaa mbali na klia. Na ukiikamua ndani ya maji, viwavi vinatanuka na chembe inaanguka. Hapo pa kuanguka ndipo wengi hawapatazami. Glavu inayomeza mchanga bila kuutema ni mbaya sawasawa na sponji.

Manyoya ya kondoo nayo ni mazuri, pengine ndiyo laini kuliko yote, na mimi ninayo moja ninayoitumia kwa magari ya rangi nyeusi tu. Lakini yanadai malezi. Nyuma ya manyoya kuna ngozi halisi: ukiianika juani inakauka kama kwato, ukiisahau kwenye ndoo katika unyevu huu wa Kampala inaota ukungu na kunuka. Kuna pia "manyoya" ya bandia yanayouzwa kwa jina la kondoo. Chomoa unyoya mmoja, uuguse kwa kiberiti: wa kondoo unanuka kama nywele zinazoungua, wa bandia unayeyuka na kuwa kitone kigumu. Kwa mtu anayeanza, mwenye watoto watatu na Jumamosi moja, nasema tena: viwavi.

Ukiishika dukani, ibonyeze. Viwavi viwe vingi na virefu, kitambaa cha chini kisionekane ukivitenganisha. Geuza uone mshono. Ukiwa nje na mgumu, iache. Kata ile lebo ya nailoni kabla hujaigusisha gari, ina makali kuliko inavyoonekana. Nunua mbili za rangi tofauti, moja ya bodi na nyingine ya rimu, zisikutane kamwe hata kwenye kufuliwa. Vumbi jeusi la breki ni chembe za chuma.

Sasa kuosha. Weka gari kivulini, boneti ikiwa imepoa. Mwagia maji kwanza bila kugusa chochote, uache tope lilainike, umwagie tena. Hatua hii ndiyo inayookoa rangi kuliko zote zinazofuata, na ndiyo wanayoiruka wenye haraka. Kisha ndoo mbili. Moja ina maji na shampuu ya gari. Sabuni ya unga ya nguo inaondoa nta uliyopaka, kwa hiyo iache kwa nguo. Ndoo ya pili ina maji matupu, na chini yake kuna wavu wa plastiki. Wavu maalumu ukikosekana, geuza chujio la plastiki la jikoni, ulilaze kifudifudi chini ya ndoo: mchanga utapita matundu na hautarudi juu. Chovya glavu kwenye shampuu, osha kipande kimoja, isuuze kwa kuisugua juu ya wavu, ikamue, ndipo urudi kwenye shampuu. Anza na paa, vioo, boneti, nusu ya juu ya milango. Nusu ya chini na bampa ziwe za mwisho, huko ndiko mchanga umekaa. Mkono uende kwa mstari mnyoofu, usizungushe, wala usikandamize. Uzito wa glavu iliyolowa unatosha.

Na ikikuponyoka ikaanguka chini, imekwisha kwa siku hiyo. Mimi nilikulia Malaba nikiosha malori yaliyopanga foleni ya forodha, na huko tulichokiangusha tulikikung'uta na kuendelea. Bodi la lori halilalamiki. Nilipohamia Kampala nikaja na tabia hiyo. Siku moja niliangusha glavu kwenye changarawe, nikaisuuza upesi, nikaendelea na mlango wa gari la bluu la mama mmoja mwalimu. Jiwe moja dogo lilikuwa limebaki. Nilichora mstari kutoka kitasa hadi karibu na taa ya nyuma, na nikausikia kabla sijauona. Nilimwambia ukweli, nikalipia mlango upakwe upya. Tangu hapo natembea na glavu ya akiba kiunoni.

Mistari uliyonayo sasa haitatoka kwa kuosha. Pitisha ukucha juu yake: usipokwama, fundi wa polishi anaweza kuiondoa. Lakini polishi inakula klia kidogo kila mara, kwa hiyo badili kwanza namna ya kuosha, ndipo upige polishi mara moja.

Swali: Fundi, mimi ni mwanajeshi mstaafu, nipo nje kidogo ya Gulu. Nina Hilux ya kijivu inayokwenda shambani na kurudi kwa barabara ya murram. Maji tunanunua kwa jerikeni, na mashine ya kusukuma maji sina. Hizo ndoo zenu mbili ni za watu wa mjini. Nifanyeje? *Afande mstaafu, Gulu*

Jibu: Afande, jerikeni tatu za lita 20 zinakutosha, na moja tuiweke kwenye bomba la mgongoni, lile la kunyunyizia nyanya dawa. Nunua jipya, liwe la gari tu. Lililowahi kubeba dawa ya wadudu usilitumie. Bomba hilo linatoa maji kidogo kwa nguvu ya kutosha. Nyunyiza Hilux yote kuanzia juu, ngoja dakika 5, nyunyiza tena mpaka maji yanayotiririka yapungue wekundu. Kwenye tope zito la chini ya milango na nyuma ya magurudumu usiguse kwa mkono mpaka liwe limejiondokea lenyewe.

Jerikeni ya pili igawe kwenye ndoo zako mbili, nusu kwa nusu. Ndiyo, mbili, afande, hapo sikubali kupunguza. Lita 10 za kusuuzia zikianza kufanana na chai, zimwagie miti na uongeze kutoka ile ya tatu. Zilizobaki zirudi kwenye bomba kwa suuza ya mwisho. Na kuna siku za kiangazi, kuanzia Desemba hadi Februari, ambapo vumbi linarudi kabla gari halijakauka. Siku hizo nakushauri uliache lilivyo mpaka upate maji. Kulipangusa vumbi kavu kwa kitambaa, hata kwa glavu nzuri kiasi gani, kunaharibu kuliko wiki nzima ya safari.

Swali: Kuna ubaya gani kutumia fulana za mitumba za pamba badala ya glavu? Sokoni Owino, Kampala, zinauzwa bei ndogo. *Mwanafunzi wa chuo, Mbale*

Jibu: Pamba ya fulana ni bapa, kasoro ile ile ya sponji, tena ina mishono na maandishi yaliyochapwa. Zitumie kwa injini na ndani ya milango.

Swali: Mimi ni dereva wa speshohaya, teksi ya kukodi, Entebbe. Glavu yangu ya maikrofaiba ilikuwa inanuka, nikailoweka kwa dawa ya klorini, nikaichemsha, nikaianika kwenye mabati. Sasa imekuwa ngumu, inakwaruza hata ngozi ya mkono. Inaponyeka? *Dereva, Entebbe*

Jibu: Ndugu dereva, ugumu una sababu mbili. Inaweza kuwa sabuni iliyokauka kati ya nyuzi. Iloweke saa moja kwenye maji ya vuguvugu yenye kikombe kimoja cha siki nyeupe, isuuze mpaka maji yatoke safi, uianike kivulini ikining'inia. Kama ni hivyo tu, itarudi. Lakini kama klorini na moto vimekwisha kula ncha za nyuzi, hakuna dawa. Siku zijazo ifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya maji, peke yake, kwa sababu maikrofaiba inanasa nyuzi za nguo nyingine. Dawa ya kulainisha nguo pia uiepuke, inaziba zile nafasi za kunasia mchanga.

Ikikauka, tafuta CD ya zamani ambayo huihitaji. Sugua upande wake unaong'aa kwa glavu ikiwa kavu, mara kumi, ukikandamiza kuliko unavyofanya kwenye gari, kisha itazame juani. Isipoonyesha mistari, endelea nayo. Ikionyesha, ihamishie kwenye rimu, na ikate kona moja kwa mkasi ili mwenzako asiichukue kimakosa.